Nani Alimuua Odete Roitman? Mhusika Mwovu wa Tamthilia ya Runinga na Historia ya Brazili, 1988–1989

Suala la mhusika mwovu limezungumzwa sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ila aghalabu limezungumzwa kwa njia moja. Mhakiki humtazama mwovu mwishoni mwa kazi ili aone amelipwa nini. Akiwa amelipwa, kazi husifiwa kwa adili yake. Akiwa hakulipwa, mwandishi hulaumiwa kwa kukata tamaa, au hutetewa kwa jina la uhalisia. Maksuudi wa Utengano (1980) wa Said Ahmed Mohamed ni mfano ambao kila mwanafunzi wetu anaujua. Ameidhulumu nyumba yake, amewadhulumu wanawake nje ya nyumba yake, ametumia mali na siasa kujikinga, na hatimaye dunia inamgeukia na kumwacha katika ufukara na majuto. Malipo yake yanatokana na matendo yake mwenyewe, uzi kwa uzi, na hata mkono unaomwangusha ni wa watu aliowatenda.

Makala haya yanakusudia kumchunguza mwovu ambaye kifo chake hakikutokana na uovu wake hata kidogo. Tumemchagua kutoka mbali, tena kutoka utanzu ambao idara nyingi za fasihi bado zinauona kuwa chini ya hadhi yao, yaani tamthilia ya mfululizo ya runinga. Mhusika huyo ni Odete Roitman wa Vale Tudo, tamthilia iliyorushwa na kituo cha Globo nchini Brazili kuanzia tarehe 16 Mei 1988 hadi tarehe 6 Januari 1989, katika sehemu 204. Jina lenyewe la tamthilia lina maana ya 'lolote ni halali'. Waandishi wake walikuwa watatu: Gilberto Braga, Aguinaldo Silva na Leonor Bassères. Dai letu ni kwamba kifo cha Odete, ambacho huchukuliwa kuwa hila ya kuwakalisha watazamaji mbele ya runinga, kinasema jambo kuhusu Brazili ya mwaka ule ambalo adhabu ya haki isingeweza kulisema.

Nasaba ya mwovu

Yafaa ikumbukwe kwamba mwovu wa runinga hakuzaliwa katika runinga. Babu yake ni mwovu wa melodrama ya Kifaransa, ile iliyostawi baada ya Mapinduzi ya 1789, na ambayo mwanzo wake hutajwa kuwa Coelina ya Pixérécourt mwaka 1800. Peter Brooks, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu fikra ya kimelodrama, anaeleza kwamba utanzu huo ulikuja pale ambapo kanisa na ufalme vilikuwa vimepoteza uwezo wa kuwaambia watu lipi jema na lipi baya. Jukwaa likaichukua kazi hiyo. Ndiyo maana katika melodrama mwema hukaa na kuteseka, naye mwovu ndiye hutenda. Yeye hupanga, husafiri, hughushi, huiba barua. Bila yeye hakuna msuko. Kutoka jukwaani alihamia katika riwaya za magazetini, kama zile za Eugène Sue za 1842 na 1843, ambazo msomaji alizisubiri kipande kwa kipande. Karne moja baadaye tunamkuta katika redio ya Kuba, ambako El derecho de nacer ya Félix B. Caignet ilitangazwa mwaka 1948. Mwaka 1964 hadithi hiyo ilikuwa katika runinga ya Brazili. Waliokuwa wakigharimia michezo ya aina hiyo walikuwa watengenezaji wa sabuni na dawa za meno, na jina la 'tamthilia za sabuni' lingali linatukumbusha hivyo.

Wabrazili hawakumpokea mwovu huyo kama alivyo. Mwaka 1968 kituo cha Tupi kilitoa Beto Rockfeller, ambayo mhusika wake mkuu ni mwuza viatu mwongo anayejifanya tajiri ili apenye katika jamii ya mabwanyenye. Hapo mpaka baina ya shujaa na laghai ulianza kufifia. Kisha ikaja Globo, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya wanajeshi kutwaa madaraka, na ambayo ilikua pamoja na utawala huo. Mwaka 1976 Gilberto Braga aliigeuza kuwa tamthilia riwaya ya Bernardo Guimarães ya 1875, A Escrava Isaura. Mwovu wake, Leôncio, ni bwana shamba anayemtaka kwa nguvu mtumwa wake Isaura. Tamthilia hiyo iliuzwa katika nchi nyingi mno, zikiwemo China, Poland na Kuba. Leôncio ni mwovu wa mtindo wa kale kabisa: ana mjeledi na tamaa, na katika riwaya asilia anaangamizwa na deni. Kijana mwema ananunua madeni yake yote, anakuwa mmiliki wa kila alichokuwa nacho, na Leôncio anajiua. Uovu unalipwa kwa hati halali. Tulikumbuke hilo.

Mwanamke aliyeichukia nchi yake

Swali lililoisukuma Vale Tudo ni kama inamfaa mtu kuwa mwaminifu nchini Brazili. Swali hilo liliulizwa katika mwaka ambao lilikuwa na uzito. Utawala wa kijeshi ulikuwa umemalizika mwaka 1985 baada ya miaka 21, bila ya waliotesa watu kufikishwa mahakamani, kwani sheria ya msamaha ya 1979 iliwakinga. Mfumko wa bei wa mwaka 1988 ulikaribia asilimia 1,000. Katiba mpya ilitangazwa tarehe 5 Oktoba 1988, tamthilia ikiwa katikati, na katiba hiyo ndiyo iliyoufuta udhibiti wa sanaa. Kabla ya hapo wadhibiti wa Polisi ya Shirikisho walikuwa bado kazini: mazungumzo ya wanawake wawili wapenzi, Cecília na Laís, yalilazimika kubadilishwa. Hivyo Vale Tudo ilianza chini ya udhibiti na kumalizika bila udhibiti, jambo ambalo si kazi nyingi za sanaa zinaweza kudai.

Hadithi yenyewe inaanza na wanawake wawili. Raquel, aliyeigizwa na Regina Duarte, ni mwongozaji watalii wa Foz do Iguaçu. Binti yake Maria de Fátima, aliyeigizwa na Gloria Pires, anaiuza nyumba yao kwa siri na kukimbilia Rio de Janeiro na fedha. Mama anamfuata, anaanza kuuza sandwichi ufukweni, na kwa jasho lake anajenga kampuni ya vyakula iitwayo Paladar. Binti anachagua njia ya mkato: kuolewa na mwana wa tajiri. Mama wa mwana huyo ndiye Odete.

Odete Roitman, aliyeigizwa na Beatriz Segall, haingii mwanzoni. Tunalisikia jina lake kabla hatujamwona, mbinu ambayo msomaji wa hadithi za majini na wafalme ataitambua. Anapofika kutoka Ufaransa anafika akiwa mmiliki wa kundi la makampuni lenye shirika la ndege, na akiwa na dharau isiyofichika kwa nchi iliyompa mali hiyo. Brazili kwake ni joto, umaskini, uvivu na harufu mbaya. Watu wake ni mchanganyiko unaomkera. Dawa ya matatizo yake ni mkono wa chuma. Anampa Maria de Fátima msaada wa kumnasa mwanawe Afonso kwa sababu mwanamke anayenunulika ni rahisi kumtawala kuliko mwanamke mwenye kazi na akili zake. Anawanunua wanaume vijana bila haya. Na jambo baya kuliko yote, kwa miaka mingi amemwacha binti yake Heleninha aamini kwamba ndiye aliyesababisha ajali ya gari iliyomuua kaka yake, hali aliyekuwa akiendesha gari ni Odete mwenyewe. Heleninha amezama katika ulevi kwa hatia isiyokuwa yake.

Ajali hii inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapa waandishi wamekwenda mbali na Leôncio. Bwana shamba alitumia mjeledi. Odete anatumia kumbukumbu. Anachomnyima binti yake ni ukweli wa yaliyopita, na anafanya hivyo kwa utulivu, kila siku, mezani na sebuleni. Katika nchi ambayo kizazi kizima cha wakubwa kilikuwa kimejisamehe kwa sheria, na kuwaachia waliodhulumiwa mzigo wa kusahau, mama aliyeshika usukani kisha akamtupia hatia mtoto hakuhitaji kufafanuliwa. Hatudai kwamba waandishi waliunda fumbo hilo kwa makusudi. Tunadai kwamba watazamaji walikuwa na macho ya kuliona.

Lakini kuna ugumu. Mengi anayoyasema Odete kuhusu Brazili ni kweli. Nchi ilikuwa na ufisadi. Huduma zilikuwa mbovu. Wenye akili walikuwa wakihama. Raquel, mtu mwema, anayasema pia, kwa uchungu. Watazamaji waliomchukia Odete walimfurahia vilevile, na furaha hiyo haikutokana na mavazi yake peke yake. Tajiri wa kawaida katika maisha ya hadharani husifu taifa, hupeperusha bendera, na kuwahimiza maskini wavumilie. Odete hakuwa mnafiki. Alikuwa bwanyenye wa kwanza katika runinga yao kusema waziwazi kile ambacho tabaka lake lilikuwa likinong'ona. Mhakiki wa Kimarx atasema, kwa haki, kwamba anayelaani umaskini huku akiishi kwa jasho la maskini hajasema ukweli wowote. Hata hivyo mtu anaweza kusema maneno ya kweli kwa nia chafu, na fasihi inayotaka kumsawiri adui vizuri haina budi kumpa hoja zilizo na nguvu. Katika tamthilia zetu nyingi za kisiasa za miaka ya 1970 na 1980 mwovu alinyimwa hoja. Alipewa kitambi, sigara na kicheko. Hilo liliwapendeza wasomaji waliokuwa upande wetu tayari.

Siku kumi na tatu

Sehemu ya 193 ilirushwa mkesha wa Krismasi. Odete alipigwa risasi, na aliyefyatua hakuonekana. Kwa siku kumi na tatu zilizofuata, hadi sehemu ya mwisho tarehe 6 Januari 1989, swali 'nani alimuua Odete Roitman?' lilitawala magazeti, baa, ofisi na mabasi. Kampuni moja ya vyakula iliandaa shindano la kubashiri muuaji. Miisho zaidi ya mmoja iliandikwa ili siri isivuje.

Wapo wanaoona hapa nakala ya Dallas ya Marekani, ambayo mwaka 1980 iliwafanya watu waulize nani alimpiga risasi J.R. Ewing, na jibu lilipotolewa tarehe 21 Novemba mwaka huo Wamarekani wapatao milioni 83 walilitazama. Dai hilo la uigaji halina msingi imara. Brazili ilikuwa imeshauliza swali la namna hiyo mwaka 1978, katika O Astro ya Janete Clair, pale alipouawa tajiri Salomão Hayala. Zaidi ya hayo, J.R. alipona na kuendelea na uovu wake hadi 1991, kwa kuwa tamthilia ya Kimarekani haijengwi juu ya mwisho. Ile ya Kibrazili hujengwa juu ya mwisho. Kila mtazamaji anajua tangu siku ya kwanza kwamba baada ya miezi minane hivi hesabu zitafungwa. Kwa hiyo kila kifo ndani yake ni hukumu, au kinangojewa kuwa hukumu.

Sasa tutazame kalenda. Siku mbili kabla ya Odete kuuawa katika runinga, tarehe 22 Desemba 1988, Chico Mendes aliuawa kwa risasi kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake mjini Xapuri, katika jimbo la Acre. Alikuwa mgema mpira na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliyepigania msitu usifyekwe na wafugaji wakubwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umempa tuzo mwaka 1987. Wiki moja kabla ya kifo chake alitimiza miaka 44. Alikuwa amesema hadharani kwamba angeuawa, na alikuwa amewataja waliomwinda. Hata askari wawili walikuwa wamewekwa kumlinda. Nani alimuua Chico Mendes? Mjini Xapuri swali hilo halikuwa na taharuki yoyote.

Tunakutanisha vifo hivi viwili tukijua kwamba sehemu ya 193 ilikuwa imeandikwa kabla ya tarehe 22, na hatuna nia ya kuwasuta watazamaji kwa kumlilia, au kumshangilia, mtu wa kubuni. Jambo linalotushughulisha ni umbo la maswali mawili. Katika tamthilia, kila mtu alikuwa na sababu ya kumuua Odete na hakuna aliyejua muuaji ni nani. Huko Acre, muuaji alijulikana na swali lilikuwa kama kuna yeyote atakayemshika. Taharuki ya upelelezi ina imani ndani yake: kwamba jina likishapatikana, haki itafuata. Imani hiyo ndiyo iliyokosekana nchini. Darly Alves da Silva, mfugaji, na mwanawe Darci walihukumiwa miaka 19 kila mmoja mnamo Desemba 1990, hukumu ya nadra kwa mauaji ya mashambani. Februari 1993 walitoroka gerezani, na hawakukamatwa tena hadi 1996.

Kifo cha bure

Tarehe 6 Januari ilibainika kwamba muuaji ni Leila, aliyeigizwa na Cássia Kis, mhusika ambaye hakuwa na ugomvi wowote na marehemu. Leila alikuwa mke wa Marco Aurélio, mkurugenzi fisadi wa kampuni za Odete. Akimshuku mumewe kuwa na uhusiano na Maria de Fátima, alikwenda na bastola, akafyatua, na aliyeanguka akawa Odete. Alikosea mtu. Mwanamke aliyeiharibu nafsi ya binti yake, aliyenunua ndoa, aliyeitukana nchi, alikufa kwa wivu usiomhusu.

Wengi waliliona jibu hili kuwa duni, na kwa kanuni za hadithi ya upelelezi lina upungufu. Laiti angeuawa na Heleninha, tungekuwa na tanzia. Laiti angeuawa na Marco Aurélio, tungekuwa na tabaka linalojitafuna. Katika Utengano, kwa mfano, anguko la Maksuudi lina wenyewe: wametendwa, wamekumbuka, wamepanga. Kifo cha Odete hakina mwenyewe. Hakuna aliyedhulumiwa anayeweza kusema kwamba amelipiziwa, na hakuna aliyejifunza chochote, marehemu akiwa wa kwanza.

Ila tutazame yanayotokea kandokando ya jibu hilo. Marco Aurélio na Leila wanapanda ndege na kutoroka na fedha, naye akiitazama Rio kutoka juu anaitolea nchi ishara ya tusi kwa mkono. Maria de Fátima hafungwi. Anapata mpango wa ndoa ya maslahi na mwana wa mfalme wa Ulaya, mpenzi wake César akiwa mshirika. Anayejikuta gerezani ni Ivan, mpenzi wa Raquel, mtu mwenye dhamiri, kwa sababu aliwahi kushiriki katika hongo kwa niaba ya kampuni. Sheria ipo, basi, na inafanya kazi, lakini inamkamata aliye karibu na mkono wake. Wakubwa hawaguswi nayo. Kinachoweza kuwagusa ni bahati mbaya tu.

Tukiusoma mwisho huo kwa pamoja, kosa la Leila linapata maana nyingine. Kama Odete angeuawa na mmoja wa aliowadhulumu, tamthilia ingekuwa imesema kwamba Brazili ina utaratibu wa kulipa, ingawa ni wa kikatili. Waandishi walikataa kusema hivyo. Braga, aliyemwangamiza Leôncio kwa hati za madeni mwaka 1976, chini ya majenerali, hakumpa Odete hata kifo chenye sababu mwaka 1988, chini ya katiba mpya. Ni ajabu kwamba adili ya uhakika ilikuwa rahisi kuiandika wakati wa udikteta. Labda utumwa uliokwisha kufutwa mwaka 1888 unaruhusu mwisho ambao dhuluma inayoendelea hairuhusu. Tamthilia yenyewe ilianza siku tatu baada ya miaka 100 ya ufutaji huo, na ndani ya jumba la Roitman weusi ni watumishi. Hili Vale Tudo haikulitilia shaka. Hapa macho yake makali yalifumba.

Safari za baadaye

Wahusika wa tamthilia hizi hawakai kwao. Huko Kuba Vale Tudo ilipendwa mno, na serikali iliporuhusu watu wafungue mikahawa majumbani katika miaka ya 1990, wananchi waliiita mikahawa hiyo paladares, kwa jina la kampuni ya Raquel. Barani Afrika mfano mashuhuri ni soko kubwa la Luanda, lililoitwa Roque Santeiro kwa jina la tamthilia ya Globo ya 1985, ambayo Aguinaldo Silva aliiandika pamoja na Dias Gomes, na ambayo toleo lake la kwanza lilipigwa marufuku mwaka 1975. Soko hilo lilifungwa mwaka 2010. Inafaa kuangaliwa ni nini kilichoteuliwa: Wakuba walichukua jina la biashara ya mwanamke mwaminifu, nao Waluanda jina la mtakatifu bandia. Si haba kwa watazamaji ambao nadharia ya ubeberu wa kitamaduni iliwaona kuwa vyombo vitupu vya kumiminiwa.

Mwaka 2025 Globo iliiandika upya Vale Tudo kwa kalamu ya Manuela Dias, katika kuadhimisha miaka 60 ya kituo. Safari hii Raquel na bintiye walikuwa wanawake weusi, jambo lililojibu sehemu ya lawama tuliyoitaja. Odete, aliyeigizwa na Débora Bloch, alipigwa risasi tena, na nchi ikauliza tena. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa tarehe 17 Oktoba 2025, ilifichua kwamba hakufa: alinusurika na kutoroka akiwa hai, tajiri na bila majuto. Walioikosoa sehemu hiyo walisema mwandishi amempenda mno mwovu wake. Huenda. Lakini toleo la 1988 lilikuwa limeshaondoa mahakama, limeshaondoa kisasi, limebakiza ajali. Toleo la 2025 limeondoa na ajali.

Gilberto Braga hakuliona. Alifariki mwaka 2021. Beatriz Segall alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92, baada ya kazi ndefu ya jukwaani ambayo kwake ilikuwa na thamani zaidi ya runinga. Kwa miaka 30 watu waliokutana naye njiani walimwita Odete.